Nembo Chini ya Kiraka

Ilitoka kwenye robota la mitumba, Jumanne,
kati ya koti la theluji lisilo na kazi Tororo
na suruali mbili za mtu aliyekuwa mnene:
jezi ya zambarau, kola imelegea,
na juu ya moyo nembo, gurudumu lenye mbawa,
na neno nililolisoma kama mtoto wa darasa la pili:
Fe-ro-vi-a-rul.

Nilidhani ni dawa ya minyoo.

Daktari Ochwo, wa mifugo, alicheka hadi miwani ikadondoka.
Alisoma Romania miaka sita.
"Reli," akasema. "Timu ya reli, mji wa Sanvale.
Niliwatazama nimevaa soksi tatu tatu.
Zima cherehani, Obbo."

Nikazima.

Ilianza na mafundi wa karakana, mwaka wa ishirini na tatu,
mpira wa ngozi ya buti, milingoti ya mataruma.
Waliitwa Tai. Ikaja vita, na winga wa kushoto
akarudi bila mguu wa kushoto,
akapewa kazi ya tiketi mlangoni,
na hakuwahi kumtoza senti mtu mwenye magongo.
Ikaja serikali ya wafanyakazi: tai ni ndege wa mabwana,
waitwe Treni. Miaka miwili, Mwenge.
Kisha Mwenge Mwekundu, kisha Treni tena,
na mama mmoja mfua jezi, kila jina jipya,
akifumua herufi za jana, akishona za leo,
nyuzi kuukuu akizitia kwenye kopo la kahawa.

Hapo nikainua kichwa.
Mama huyo sijawahi kumwona,
lakini vidole vyake ni hivi.

Fainali moja tu, mwaka wa sitini na moja:
dakika ya themanini na nane beki alimrudishia kipa mpira,
na kipa alikuwa anafunga kamba ya kiatu.
Moja bila. Hadi leo Sanvale mtu akizembea
wanasema: anafunga kamba.

Halafu mkubwa akaanguka, kila kitu kikawa na bei.
Timu ikanunuliwa na muuza soseji.
Soseji zikaoza, madeni hayakuoza.
Uwanja ukawa duka la vigae.
Sasa zipo Feroviarul mbili:
moja ina hukumu ya mahakama, muhuri, wakili,
na viti vitupu elfu saba;
nyingine ina watu mia tatu, daraja la nne,
kiwanja cha kuazima chenye kondoo,
na lile kopo la kahawa.

"Ipi ya kweli?" nikauliza.
Daktari akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Na Reli ya hapa Tororo iko wapi?"

Niliishonea Reli miaka kumi na moja.
Treni ya abiria ilipokoma, nauli za mechi zikakoma.
Kocha Emuron akahamia simenti na wachezaji sita;
waliobaki wakagawanyika, Reli Asilia, Reli Mpya,
wakagombania mipira minne hadi polisi,
nayo mipira ikawekwa mahabusu
mpaka ikaisha upepo.
Kiwanja kimeota mahindi nyuma ya stesheni.
Ila Jumamosi wako wazee watano, na Nyafwono wa kabalagala,
wanakaa palipokuwa mstari wa kati
wakibishania bao la kuotea la mwaka wa themanini na nne.

Sikumwambia hayo. Nilisema:
"Ipo."

Kesho yake akaja kipa wa timu ya bodaboda.
Aliitaka jezi ile, namba moja mgongoni,
na jina la mdhamini, duka la betri,
pale pale juu ya moyo. Pesa taslimu.
Wembe ungeliondoa gurudumu kwa dakika nne.

Nilikata kiraka kipana kuliko kawaida,
nikashika kingo tu, mishono mirefu, isiguse bawa,
ili siku duka la betri likifa
mtu avute uzi mmoja.

Kijana akaijaribu, akajitazama kiooni, akaridhika.
Nikamtazama miguu.
"Na hizo kamba," nikamwambia,
"zifunge sasa hivi."